Mgonjwa wa Siliaki Safarini: Kutoka Uwele wa Ihanja hadi Meza ya Kijapani

Katika Kata ya Ihanja, Wilaya ya Ikungi mkoani Singida, mvua hunyesha msimu mmoja tu kwa mwaka, kuanzia Novemba au Desemba hadi mwezi wa Aprili, na si kila mwaka hutosha. Kwa sababu hiyo nafaka zinazostahimili ukame, yaani uwele na mtama, zimekuwa ngao ya wakulima wa sehemu hiyo tangu zamani, ingawa siku hizi mahindi nayo yamejipatia nafasi kubwa. Ugali wa uwele kwa mlenda, kwa maziwa ya mgando au kwa kuku wa kienyeji ni chakula kamili. Ngano ni mgeni. Huja kwa umbo la andazi la siku ya mnada, chapati ya harusi au mkate unaoletwa na basi kutoka mjini.

Mtu aliyekulia katika mazingira ya namna hiyo aweza kutimiza miaka mingi akiwa amekula ngano kidogo sana. Hapo ndipo lilipo jambo la kisayansi linalostahili kuchunguzwa: upo ugonjwa ambao chanzo chake ni chakula cha ngano, na ambao kwa mtu wa namna hii waweza kukaa kimya mpaka atakapohama. Kijana huenda shule ya bweni, au mjini, au ng'ambo kwa masomo. Huanza kula mkate kila siku. Na baada ya miezi michache huanza kukonda na kuhara, asijue kwa nini. Ugonjwa huo huitwa siliaki. Hauambukizi, hauletwi na minyoo, wala si mzio wa kawaida kama ule wa mtu anayevimba midomo akila kamba. Makala haya yaeleza asili yake, kisha yamfuata msafiri mwenye ugonjwa huo mpaka Japani, nchi ambayo wengi huidhani kuwa salama kwake kwa kuwa ni nchi ya wali.

Donge linalobaki mkononi

Chanzo cha siliaki ni protini iitwayo gluteni. Jina hilo ni la Kilatini, na maana yake ni gundi. Msomaji anaweza kuiona kwa macho yake bila maabara. Achukue kikombe kimoja cha unga wa ngano, aukande kwa maji kidogo mpaka uwe donge gumu, kisha aliache kwa muda wa nusu saa. Halafu alitie katika bakuli la maji na kulibinyabinya taratibu. Maji yatageuka meupe kama tui, kwa sababu wanga unatoka. Ayamwage, atie mengine, na kuendelea hivyo hadi maji yabaki safi. Mkononi mwake kitasalia kipande cha rangi ya kijivu, kinachovutika na kurudi kama ulimbo. Hiyo ndiyo gluteni. Jaribio hili hili lilielezwa na Jacopo Bartolomeo Beccari mjini Bologna, Italia, mwaka 1728, na tangu wakati huo hakuna aliyebuni njia iliyo rahisi kuliko hiyo.

Sasa na alirudie jaribio kwa unga wa uwele. Donge litasambaratika lote ndani ya maji, na mkononi hakitabaki kitu. Mpishi yeyote wa Ihanja alijua jambo hili kabla ya Beccari, maana anajua kwamba unga wa uwele hausukumiki kuwa chapati laini wala haumuki ukawa mkate. Mkate huumuka kwa sababu gluteni hutengeneza wavu unaozuia hewa isitoroke. Uwele na mtama zina protini, tena si haba, lakini si za aina inayofanya wavu huo.

Vita ndani ya utumbo

Gluteni ni mchanganyiko wa protini za makundi mawili, gliadini na glutenini. Protini hizo zimejaa asidi amino mbili, prolini na glutamini, zilizopangana kwa namna ambayo vimeng'enya vya tumbo hushindwa kuzikata zikaisha. Mwaka 2002 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba kipande kimoja cha gliadini, chenye asidi amino 33, hubaki kizima hata baada ya kushambuliwa na vimeng'enya vyote vya tumbo na utumbo. Kwa watu wengi kipande hicho hupita tu bila madhara. Kwa mgonjwa wa siliaki, kimeng'enya kingine kilichomo katika kuta za utumbo hukibadilisha kidogo, na badiliko hilo huifanya kinga ya mwili ikione kuwa ni adui. Chembe nyeupe za damu hujikusanya na kuanza vita, na uwanja wa vita hiyo ni utumbo wenyewe.

Utumbo mwembamba umefunikwa kwa ndani na vinyama vidogo mno mfano wa vidole, vilivyosongamana kama mabua shambani. Kazi yao ni kuongeza eneo la kufyonzea chakula. Vita ya kinga ikiendelea, vidole hivyo hufupika, hulala, na hatimaye utumbo huwa bapa. Mgonjwa hula na kushiba, lakini chakula humpita. Ndipo huja kuhara, tumbo kujaa gesi, kukonda na uchovu. Madini ya chuma yasipofyonzwa huja upungufu wa damu usiokubali vidonge. Kalisi isipofyonzwa mifupa hudhoofika. Watoto hudumaa. Baadhi ya wanawake hupoteza mimba mara kwa mara. Wako pia wagonjwa wasioumwa tumbo hata kidogo, ambao dalili yao ni malengelenge yanayowasha viwikoni na magotini.

Msomaji na asikimbilie kujipima kwa orodha hiyo. Mtu anayehara na kukonda mkoani Singida ana sababu nyingi zilizo za kawaida zaidi: amiba, jiadia, minyoo, kifua kikuu, UKIMWI. Mganga atazitafuta hizo kwanza, na atakuwa amefanya vyema. Siliaki hufikiriwa hizo zinapokosekana, na hasa pale mgonjwa anaposema kwamba hali yake ilianza alipobadili chakula. Uthibitisho hupatikana kwa kupima kingamwili maalum katika damu, kisha, pale inapowezekana, kwa kuchukua kipande kidogo cha utumbo na kukitazama kwa hadubini. Hospitali kubwa zenye maabara ya kutosha ndizo ziwezazo kazi hiyo. Jambo moja huharibu vipimo hivi mara nyingi, nalo ni mgonjwa kuacha ngano kabla ya kupimwa. Akiiacha, utumbo huanza kupona, kingamwili hupungua, na kipimo hutoa jibu la uongo. Kwa hiyo apimwe kwanza, aache baadaye.

Hutajwa mara kwa mara kwamba huu ni ugonjwa wa Wazungu. Kauli hiyo si sahihi. Ni kweli kwamba siliaki huhitaji jeni fulani, ziitwazo DQ2 na DQ8, na kwamba jeni hizo hazikusambaa sawasawa duniani. Lakini idadi kubwa kuliko zote iliyowahi kutangazwa ilipatikana Afrika: mwaka 1999 ilitolewa taarifa ya uchunguzi wa watoto 989 wa Sahara Magharibi, na wagonjwa walikuwa takriban 56 katika kila watoto 1,000. Kwa dunia nzima hukadiriwa mtu 1 katika kila watu 100. Kuwa na jeni peke yake hakutoshi, maana wengi wanazo na hawaugui kamwe; lazima na ngano iwepo. Watu wa Sahara Magharibi wana vyote viwili, jeni na mkate wa kila siku.

Ndizi na njaa

Historia ya tiba ya ugonjwa huu yafaa kusimuliwa, kwa sababu yaonyesha jinsi tiba iwezavyo kuwa sahihi na maelezo yake yakawa potofu. Daktari Mwingereza Samuel Gee aliueleza ugonjwa huu vizuri mwaka 1888, akasema kwamba ikiwa mgonjwa atapona, atapona kwa chakula. Lakini ni chakula gani, hakujua. Mwaka 1924 Sidney Haas wa New York alitangaza kuwatibu watoto kwa ndizi. Watoto walipona kweli, na kwa miaka mingi ndizi zikawa dawa. Haas aliamini kwamba ndizi ina nguvu ya pekee. Kumbe lishe yake iliwakataza watoto mkate na nafaka, na hiyo ndiyo iliyowaponya. Ndizi ilichukua sifa isiyo yake. Mkulima wa Bukoba atasikitika kusikia hivyo, lakini ndivyo ilivyo.

Aliyefumbua fumbo ni Willem Dicke, daktari wa watoto nchini Uholanzi. Husimuliwa sana kwamba aligundua siri hiyo katika majira ya baridi ya mwaka 1944 hadi 1945, wakati nchi yake ilipokumbwa na njaa ya vita na mkate ukaadimika, na watoto wenye siliaki, badala ya kuzorota, wakapata nafuu. Hadithi hiyo ni tamu, ila yampunja Dicke. Yeye alikuwa ameanza kujaribu lishe isiyo na ngano tangu miaka ya 1930, na mwaka 1941 alikuwa amekwisha kuandika kuhusu lishe hiyo. Njaa ilimthibitishia tu kile alichokuwa akikishuku. Tasnifu yake aliitoa Utrecht mwaka 1950. Tangu hapo tiba haijabadilika: kuacha gluteni maisha yote. Mpaka leo hakuna dawa iliyoidhinishwa kuchukua nafasi ya lishe hiyo. Habari njema ni kwamba mgonjwa akishika lishe barabara, aghalabu huanza kupata nafuu katika majuma machache, na vidole vya utumbo huota upya, ijapokuwa kwa watu wazima huweza kuchukua miaka.

Ukoo wa nafaka

Nafaka zote ni majani, lakini si majani ya ukoo mmoja. Ngano, shayiri na rai ni ndugu wa karibu sana kibotania, na protini zao zinafanana kiasi cha kumdhuru mgonjwa kwa namna moja. Mpunga uko katika tawi lingine. Mtama, uwele na mahindi yako katika tawi la mbali zaidi, na ulezi katika tawi lake, pamoja na tefu ya Ethiopia. Mwaka 2007 watafiti wa Italia walipima protini za mtama katika maabara, kisha wakawalisha wagonjwa wachache vyakula vya mtama kwa siku 5, wasione dalili yoyote ya madhara. Kwa hiyo chakula cha asili cha Ihanja, ambacho wapo vijana wanaokionea haya mbele ya mkate, ndicho hasa ambacho mgonjwa wa Ulaya huagizia dukani kwa bei kubwa.

Pombe za kienyeji za uwele na mtama hutengenezwa kwa kimea cha nafaka hizo hizo, na kwa upande wa gluteni hazina lawama. Bia nyingi za kiwandani hutengenezwa kwa kimea cha shayiri, na bia hizo hazimfai mgonjwa.

Hatari haitoki mbali. Upande wa kaskazini mwa Singida, katika nyanda za Basotu wilayani Hanang, mashamba makubwa ya ngano yalifunguliwa kuanzia miaka ya 1970 kwa msaada wa Kanada, na wafugaji Wabarabaig wakapoteza sehemu ya malisho yao. Hata hivyo sehemu kubwa ya ngano inayoliwa Tanzania bado huagizwa kutoka ng'ambo. Iwe imetoka wapi, hukutana na uwele mahali pamoja: mashineni.

Hesabu ya kijiko cha unga

Kiwango kinachokubaliwa na mataifa mengi kwa chakula kiitwacho kisicho na gluteni ni miligramu 20 kwa kila kilo. Unga wa ngano una gluteni karibu asilimia 8. Yaani gramu 1 ya unga ina takriban miligramu 80. Sasa mama mmoja apeleke mashineni kilo 20 za uwele, na kabla yake mwenzake awe amesaga mchanganyiko wa uji wa lishe wenye ngano ndani. Zikibaki gramu 5 tu za ngano katika mashine, kiasi kisichojaza vijiko viwili vya chai, zitakuwa na miligramu 400 za gluteni. Zikigawanywa kwa kilo 20, jibu ni miligramu 20 kwa kilo. Kiwango kimefikiwa kwa vumbi lililobaki kwenye mashine.

Je, kiasi hicho chadhuru? Utafiti mwingine wa mwaka 2007 ulionyesha kwamba miligramu 50 za gluteni kila siku, kwa muda wa miezi 3, zilitosha kuharibu utumbo wa wagonjwa waliokuwa wamepona. Kipande kimoja cha mkate cha gramu 30 kina gluteni zaidi ya miligramu 2,000. Basi miligramu 50 ni chembe ya mkate isiyofika sehemu moja ya arobaini ya kipande hicho. Jambo baya zaidi ni kwamba mgonjwa huenda asisikie maumivu yoyote huku utumbo ukiharibika.

Kwa hiyo familia yenye mgonjwa hufanya vyema kusaga asubuhi kabla ya wengine, kupitisha nafaka kidogo kwanza, na kuwapa kuku unga huo wa mwanzo. Ungo na chekeche vya mgonjwa visitumiwe kwa unga wa ngano. Akifika mjini, akumbuke kwamba chipsi nyingi hukaangwa katika mafuta yaliyokaanga sambusa na maandazi, na kwamba mchuzi mzito wa hotelini aghalabu umezidishwa uzito kwa kijiko cha unga wa ngano ambacho mpishi hakioni kuwa ni kitu cha kutajwa.

Nchi ya wali

Mwaka 1967 wataalamu wa kwanza wa kujitolea kutoka Japani walifika Tanzania. Safari za upande wa pili zimeongezeka tangu mwaka 2013, serikali ya Japani ilipotangaza katika mkutano wa Yokohama mpango wa kuwasomesha vijana wa Afrika katika vyuo vikuu vyake. Kijana wa Ikungi anayepata nafasi ya namna hiyo hukaa huko miaka miwili au zaidi, katika maabara na mabweni, akila kile kinacholiwa na wenzake. Kwa mwenye siliaki, swali la chakula laweza kuamua kama atamaliza masomo au atarejeshwa nyumbani akiwa mgonjwa.

Wali mweupe wa Kijapani hauna gluteni. Samaki mbichi hana, samaki aliyechomwa kwa chumvi hana, yai halina, majani ya bahari hayana. Mtu akisikia hivyo hudhani kazi imekwisha. Kazi huanza pale chakula kinapotiwa ladha, kwa maana Wajapani hutia ladha kwa mchuzi wa soya, uitwao shoyu, karibu katika kila kitu.

Jina la mchuzi huo hudanganya. Shoyu ya kawaida hutengenezwa kwa soya na ngano, kwa vipimo vinavyokaribia kulingana. Ngano hukaangwa na kupondwa, soya huchemshwa kwa mvuke, kisha vyote viwili huoteshwa kuvu maalum, hutiwa katika maji ya chumvi na kuachwa vichachuke kwa miezi mingi. Uchachuaji huo huzikatakata protini, na ndiyo sababu baadhi ya vipimo vya maabara havioni gluteni katika mchuzi uliokamilika. Lakini vipimo vya kawaida vimetengenezwa kwa ajili ya protini nzima. Kwa vipande vilivyokatika si vya kutegemewa. Mgonjwa hushauriwa auache mchuzi huo. Iko aina moja iitwayo tamari, ambayo hutengenezwa kwa soya pekee au kwa ngano kidogo sana, na chupa isiyo na ngano kabisa yaweza kupatikana madukani. Msafiri mwenye busara hubeba kichupa chake mfukoni na kukitoa mezani bila haya.

Baada ya shoyu huja mtego wa miso, uji mzito wa soya unaotengenezewa supu ya kila asubuhi. Miso nyingi huchachuliwa kwa mchele, nayo kwa kawaida haina tatizo. Lakini iko ya shayiri, inayopendwa hasa katika kisiwa cha Kyushu. Tambi za udon na ramen ni za ngano. Tempura ni vyakula vilivyovikwa rojo la ngano na kukaangwa. Kari ya Kijapani, ambayo Mwafrika Mashariki hujiona nyumbani akiinusa, huzidishwa uzito kwa unga wa ngano. Vipande vyekundu na vyeupe vinavyoitwa nyama ya kaa aghalabu ni samaki aliyesagwa na kuchanganywa na wanga wa ngano. Kisha iko fu, kipande chepesi kinachoelea katika supu kama sponji. Msomaji aliyefanya jaribio la bakuli la maji ameishaikuta: fu ni gluteni ileile iliyooshwa ikabaki, ikapikwa na kukaushwa. Katika vyakula vyote duniani ni vigumu kupata kisichomfaa mgonjwa huyu kuliko hicho.

Tambi za soba zastahili maelezo marefu kidogo. Soba si ngano, wala si jani. Ni mbegu ya mmea wa ukoo mwingine kabisa, na haina gluteni. Lakini kwa kuwa haina gluteni haishikamani, na mpishi huongeza ngano ili tambi zisikatike. Soba iliyo maarufu huwa na sehemu 8 za soba kwa 2 za ngano, na ya bei nafuu huwa na ngano zaidi ya hapo. Ipo ya soba tupu, iitwayo juwari. Hata hiyo, katika mikahawa mingi huchemshwa katika chungu kilekile kilichochemsha tambi za ngano.

Alama moja ya maandishi

Ngano kwa Kijapani ni komugi. Shayiri ni omugi. Rai ni raimugi. Mzungumzaji wa Kiswahili amezoea kutambua jamii ya neno kwa kiambishi cha mwanzo. Hapa na asikilize mwisho. Mugi ndiyo jamii yote ya hatari. Chai baridi inayotolewa bure hotelini wakati wa joto huitwa mugicha, na ni shayiri iliyokaangwa ikatiwa maji. Mgeni huiona kama maji ya rangi tu, akanywa gilasi tatu kabla chakula hakijaletwa.

Sikio, hata hivyo, halitoshi. Mugi huandikwa kwa alama moja, 麦, na alama hiyo ikiungana na nyingine huweza kutamkwa baku. Kimea ni bakuga. Sikio halikitambui, lakini jicho likiangalia kopo la bia litaiona alama ileile. Kwa hiyo inafaa msafiri aijifunze alama hiyo kabla ya kujifunza salamu. Ajabu ni kwamba soba nayo, inapoandikwa kwa alama za kale, hubeba 麦 ndani yake, ingawa si ya jamii hiyo. Kwa kuwa mara nyingi ngano imo, kosa hilo la maandishi humlinda msafiri zaidi kuliko kumdhuru.

Sheria ya Japani hulazimisha viwanda kutaja kwenye pakiti vyakula kadhaa vyenye mzio, vikiwamo kamba, kaa, jozi, ngano, soba, yai, maziwa na karanga. Msafiri atafurahi kuona ngano imo. Lakini shayiri na rai hazimo. Sheria hiyo ilitungwa kwa ajili ya watu wenye mzio, na si kwa ajili ya wagonjwa wa siliaki, ambao ni nadra sana nchini humo kwa sababu jeni ya DQ2 ni adimu kwa Wajapani. Pakiti isiyotaja ngano yaweza kuwa na kimea cha shayiri bila kuvunja sheria yoyote. Ni lazima kusoma orodha yote ya viungo, si kile kisanduku cha mzio peke yake.

Kwa sababu hiyo hiyo mhudumu wa mkahawa, hata akiwa mwema namna gani, yamkini hajapata kulisikia jina la ugonjwa huu. Akiambiwa siliaki hataelewa. Akiambiwa mzio wa ngano ataelewa, ila atamletea mugicha kwa moyo mkunjufu. Ndiyo maana wagonjwa wengi husafiri na kadi iliyoandikwa kwa Kijapani na mtu anayeijua lugha, isiyoishia kwenye neno la mzio. Kadi ya kufaa hueleza kwamba mwenye nayo hawezi kula ngano, shayiri wala rai hata kidogo. Kwamba shoyu ya kawaida, kimea na mugicha vimo katika katazo hilo. Na kwamba chungu, mafuta na ubao uliotumika kwa ngano navyo vyamdhuru. Kisha humalizia kwa kutaja kile anachoweza kula: wali mtupu, samaki wa chumvi, yai. Sehemu hii ya mwisho ndiyo husahauliwa na wengi, nayo ndiyo humpa mpishi njia ya kumsaidia badala ya kumwomba radhi na kumrudisha mlangoni.

Katika duka la chuo, mwanafunzi wa Ihanja ataona pakiti za nafaka ndogo ndogo za kuchanganya na wali, na huenda moyo ukamruka, maana ndani yake zimo jamaa za uwele. Awa, hie na kibi ni nafaka ndogo zilizolishwa wakulima wa Japani kwa karne nyingi, hasa katika milima ambako mpunga haukustawi. Na kibotania ziko katika tawi lilelile la uwele na mtama. Zikiuzwa peke yake zinamfaa. Lakini pakiti za mchanganyiko karibu kila mara hutiwa shayiri iliyobanwa, kwa hiyo kabla ya kulipa aigeuze pakiti na kuitafuta ile alama.

Kwa siku ambazo hakuna anayeweza kumpikia na macho yamechoka kusoma, lipo jiko la yaki-imo. Wakati wa baridi viazi vitamu huchomwa juu ya mawe ya moto, vikauzwa mitaani na milangoni mwa maduka, vikiwa na maganda yake, bila mchuzi wala unga.